Maneno 16 na Alama Moja: Kuihakiki Kura ya Uingereza ya Kujitoa Umoja wa Ulaya

Utangulizi

Muhula uliopita, katika semina ya tafsiri, mwalimu alituandikia ubaoni sentensi moja ya Kiingereza yenye maneno 16, akatutaka tuitie katika Kiswahili. Tukacheka. Sisi wa mwaka wa tatu, ambao tumekwisha kuhangaika na tamthilia nzima nzima, tupewe sentensi moja! Lilikuwa ni lile swali walilopewa wapiga kura wa Uingereza tarehe 23 Juni 2016, kwamba nchi yao ibaki kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya au iondoke katika Umoja wa Ulaya. Saa moja baadaye hakuna aliyekuwa akicheka. Mmoja wetu alikuwa ameandika "ijitoe". Wa pili "iondoke". Wa tatu "itoke". Wa nne akaleta "ijivue uanachama", na hapo ndipo ugomvi ulipowaka, maana kila mmoja aliona kuwa mwenzake hakubadili neno tu, amebadili jambo lenyewe.

Ugomvi ule haukuniacha, na ndio uliozaa makala haya. Ninakusudia kuonyesha kwamba mabishano ya umma yaliyoizunguka kura ile, kabla yake na hasa baada yake, yalikuwa kazi ya uhakiki iliyofanywa na taifa zima bila kujijua. Palikuwa na matini fupi, wasomaji mamilioni, na vita juu ya nani ana haki ya kusema matini hiyo ina maana gani. Ninadai pia kwamba kosa kubwa halikuwa watu kutofautiana juu ya maana. Kosa lilikuwa viongozi kusimama mmoja baada ya mwingine na kutangaza kwamba maana ni moja tu, nao ndio waliokabidhiwa.

Najua wapo watakaosema hii si fasihi, ni siasa, na gazeti hili si mahali pake. Kwao nina jibu fupi. Sisi hawa hawa ndio tunaofundishwa kwamba hotuba, methali, misimu na majigambo ni fasihi simulizi. Kaulimbiu ya kampeni ni jamaa wa karibu wa methali: ni fupi, ina mapigo, inakaririka, na haina mwandishi anayejulikana na wote wanaoitamka. Tukiikataa kwa sababu inatoka jukwaani, itabidi tuikatae na robo ya mihadhara yetu.

Swali lenyewe

Hebu tuanze na matini. Uingereza iliingia katika Jumuiya ya Ulaya tarehe 1 Januari 1973. Miaka miwili baadaye, tarehe 5 Juni 1975, wananchi waliulizwa kama wanataka kubaki, nao kwa asilimia 67 wakasema ndiyo. Mwezi Januari 2013 Waziri Mkuu David Cameron aliahidi kura nyingine kama chama chake cha Conservative kingeshinda uchaguzi. Kikashinda mwaka 2015, na ahadi ikawa deni.

Mswada wa kwanza ulikuwa na swali la ndiyo au hapana: je, Uingereza ibaki kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya? Tume ya Uchaguzi ikalipima, na mwezi Septemba 2015 ikashauri libadilishwe. Swali lilitaja njia moja tu, ile ya kubaki, na upande huo ndio uliopewa neno tamu la "ndiyo". Ushauri ukakubaliwa. Njia zote mbili zikaandikwa, na mpiga kura akatakiwa kuweka alama mbele ya mojawapo.

Lilikuwa badiliko la haki. Lakini mtazame sasa, ndugu msomaji, sentensi iliyozaliwa. Upande wa kwanza una neno "mwanachama": ibaki kuwa mwanachama wa Umoja. Upande wa pili hauna: iondoke katika Umoja. Vipande viwili vya swali moja havilingani urefu wala uzito. Ukisema kwamba kipande cha pili ni kinyume tu cha kile cha kwanza, basi kuondoka ni kuacha uanachama, na mengine yote yanaweza kubaki. Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya na bado imo katika soko lake. Ukisema kwamba kipande cha pili kinajitegemea, basi kuondoka ni kuondoka: soko, mahakama, forodha, vyote nyuma. Wote wawili wanasoma maneno yale yale, na hakuna anayesema uongo.

Hapo ndipo nilipomwelewa yule mwenzetu wa "ijivue uanachama". Alikuwa amechagua usomaji wa kwanza. "Kuondoka" ni kwa mgeni aliyeaga, akachukua mkoba wake. "Kujitoa" kuna ile -ji- inayomrudia mtendaji, kwa hiyo anayejitoa anabeba mwenyewe lawama na sifa. "Kutoka" hakusemi lolote: mtu hutoka kununua mkate, akarudi. Kiingereza kilikuwa na kitenzi kimoja kilichoficha vyote vinne. Kiswahili kinakulazimisha uchague.

Kiswahili nacho kina ficho lake. Magazeti yetu yaliandika kwamba Uingereza imeamua. Sisi huiita nchi nzima Uingereza, jina lililotokana na kipande chake kimoja, England. England ilichagua kuondoka kwa asilimia 53.4, na Wales kwa asilimia 52.5. Lakini Scotland ilichagua kubaki kwa asilimia 62, na Ireland ya Kaskazini kwa asilimia 55.8. Neno letu moja liliwafunika watu wa nchi mbili ambao walisema kinyume. Kabla ya kuwacheka Waingereza kwa swali lao, tujue kwamba hata vichwa vyetu vya habari vilikuwa vimekwisha kulifasiri jibu.

Basi jekundu na neno "rudisha"

Kundi rasmi la kutaka kuondoka lilikuwa na basi jekundu. Ubavuni liliandikwa kwamba kila wiki tunaipelekea Ulaya paundi milioni 350, tuigharamie huduma yetu ya afya badala yake. Wengi wamelishambulia basi hilo kwa hesabu, na hesabu kweli ilikuwa mbovu. Kiasi hicho hakikutoa punguzo ambalo Uingereza ilijipatia tangu mwaka 1984, fedha ambazo hazikuwa zikipelekwa kabisa. Mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ilisema hadharani kwamba takwimu hiyo inapotosha. Basi likaendelea na safari.

Mimi nataka tulitazame kwa sarufi. Sentensi ya kwanza ni taarifa: tunapeleka. Ya pili ni himizo, kitenzi kinachoishia na -e: tugharamie. Hakuna "tutagharamia". Hakuna "tukitoka, basi". Msomaji mwenyewe ndiye anayeziba pengo kati ya sentensi mbili, na akishaliziba anaamini ameahidiwa. Wahenga walisema ahadi ni deni. Hawakusema himizo ni deni. Alfajiri ya tarehe 24 Juni, matokeo yakiwa ya moto, Nigel Farage aliulizwa kwenye televisheni kama fedha hizo zitakwenda kweli hospitali. Akasema hawezi kuthibitisha, na kwamba lilikuwa kosa. Yeye hakuwa katika kundi lililomiliki basi. Hivyo ndivyo maneno yanavyokosa mwenyewe.

Kaulimbiu kuu ya kundi hilo ilikuwa fupi zaidi, nami naitafsiri hivi: turudishe mamlaka mikononi mwetu. Nguvu yake imo katika "rudisha". Ungesema "tushike mamlaka", ungekuwa na amri tu. Ukisema "turudishe", tayari una hadithi kamili: palikuwa na zamani tulipokuwa nayo, pakaja mtu akayachukua, sasa ni zamu yetu. Shujaa yumo, mwizi yumo, na mwisho mwema umo. Msimulizi hakulazimika kusema ni nani aliyeyachukua, wala lini. Kila msikilizaji aliweka mwizi wake mwenyewe. Mvuvi aliweka sheria za samaki. Mwanasheria aliweka mahakama ya Luxembourg. Mji uliofungiwa kiwanda uliweka kitu kingine, na pengine mwizi wake hakuwahi kukaa Brussels.

Wenzangu wa semina walisema hapa fani ilishinda maudhui. Sikubaliani nao. Fani na maudhui havikupigana katika kaulimbiu ile. Maudhui yalikuwa ndani ya kiambishi. Kusema "fani ilishinda" ni njia ya kusema kwamba watu walidanganywa na urembo, na kwamba sisi wasomi tusingedanganyika. Mimi mwenyewe niliwahi kusema hivyo. Nitaeleza baadaye kilichonifunga mdomo.

Upande wa wataalamu

Upande wa kubaki ulisimulia kwa nafsi ya tatu. Mwezi Aprili 2016 Wizara ya Fedha ilitoa hesabu kwamba nchi ikiondoka, ifikapo mwaka 2030 kila kaya itakuwa imepungukiwa kiasi cha paundi 4,300 kwa mwaka kuliko ambavyo ingekuwa. Serikali ikapeleka kipeperushi katika nyumba milioni 27, kwa gharama ya paundi milioni 9.3. Hoja zilikuwepo, tena nyingi. Lakini hapakuwa na mtu ndani yake. Kaya iliyopungukiwa paundi 4,300 haikuwa kaya ya fulani. Ilikuwa pato la taifa lililogawanywa kwa idadi ya milango. Wapinzani wakaiita mipango ya kutisha watu, na jina likaganda.

Sentensi iliyo bora kuliko zote katika kampeni ile, kwa maoni yangu, haikutungwa na kundi lolote. Profesa Anand Menon amesimulia kwamba alikuwa Newcastle akieleza jinsi kuondoka kutakavyopunguza pato la taifa, mwanamke mmoja akamkatiza kwa ukali: hilo ni pato lenu, si letu. Ni kiwakilishi kimiliki tu kilichobadilika, na mhadhara mzima ukayumba. Jirani na hapo, Sunderland, kuna kiwanda cha magari cha Nissan kinachouza sana Ulaya. Sunderland ilichagua kuondoka kwa asilimia 61. Wapo wanaosema watu hao walipiga kura dhidi ya matumbo yao. Labda. Lakini mtu aliyeambiwa kila mwaka kwamba uchumi unakua, na yeye haoni unakokua, hawezi kutishwa kwa kuambiwa utaacha kukua.

Sisi wasomi nasi hatuna mikono misafi. Tarehe 3 Juni 2016 waziri Michael Gove alisema kwenye televisheni maneno ambayo hadi leo yananukuliwa kama ushahidi wa ujinga wa upande wake: eti watu wamechoshwa na wataalamu. Ukweli ni kwamba alikatizwa katikati ya sentensi. Sentensi nzima ilisema watu wamechoshwa na wataalamu wa mashirika yenye majina ya vifupisho, wanaodai kujua lililo bora na kila mara wanakosea. Unaweza kuipinga sentensi hiyo, nami ninaipinga. Lakini si sentensi ile inayonukuliwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akimkata mshairi namna hiyo, hunyimwa maksi. Hapa waliokata walikuwa wenye shahada.

Tarehe 16 Juni

Kuna siku moja ambayo siwezi kuipita. Asubuhi ya tarehe 16 Juni 2016, Farage alizindua bango lenye picha ya msururu mrefu wa wakimbizi, na maneno ya kusema kwamba mambo yamefika ukingoni. Picha ilipigwa mwaka 2015 katika mpaka wa Croatia na Slovenia. Watu wale hawakuwa wakielekea Uingereza katika picha ile, na wengi wa wakimbizi wa mwaka ule walikuwa wakikimbia vita. Bango halikusema uongo wa maneno. Liliiweka picha mahali pasipo pake, picha ikasema yenyewe.

Mchana wa siku hiyo hiyo, mbunge Jo Cox aliuawa mtaani huko Birstall, alipokuwa akienda kuonana na wapiga kura wake. Sisemi kwamba bango lilimwua. Muuaji alikuwa na chuki ya miaka mingi. Lakini siku alipopandishwa kizimbani akaulizwa jina lake, alijibu kwa kusema kifo kwa wasaliti, uhuru kwa Uingereza. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Huyu ni mtu aliyeulizwa yeye ni nani, akajibu kwa kaulimbiu. Tunapofundisha kwamba lugha ni chombo cha ukombozi, tukumbuke na upande huu.

Alama moja, maana ngapi?

Matokeo yalikuwa kura 17,410,742 za kuondoka dhidi ya 16,141,241 za kubaki, yaani asilimia 51.9 kwa 48.1. Cameron akatangaza kujiuzulu. Theresa May akashika nafasi yake na kutoa fasiri maarufu: Brexit maana yake ni Brexit. Katika mantiki huko ni kuzunguka mduara. Ni sawa na kueleza kitendawili kwa kukirudia. Lakini kisiasa ilikuwa na kazi. Ilisema kwamba maana ipo, inajulikana, na asiyeiona ana lake jambo. Mwezi Januari 2017 May akaijaza maana hiyo mwenyewe: kuondoka ni pamoja na kutoka katika soko la pamoja. Karatasi ya kura haikutaja soko.

Kuanzia hapo kila aliyetia shaka alionekana msaliti. Mwezi Novemba 2016 majaji watatu waliamua kwamba serikali haiwezi kuanza safari ya kuondoka bila idhini ya Bunge. Kesho yake gazeti la Daily Mail likachapa picha zao ukurasa wa mbele na kuwaita maadui wa umma. Mwezi Januari 2017 Mahakama ya Juu, kwa majaji 8 dhidi ya 3, ikasema hivyo hivyo. Hao walikuwa wasomaji wa matini ya sheria waliofanya kazi yao ya kusoma.

Kisha Bunge likajaribu kufasiri. Tarehe 15 Januari 2019 mkataba wa May ulikataliwa kwa kura 432 dhidi ya 202. Tarehe 27 Machi wabunge waliletewa mapendekezo 8 tofauti ya nini kifanyike, wakayakataa yote 8. Kuna waliocheka. Mimi naona siku ile ndiyo siku ya ukweli kuliko zote. Kwa mara ya kwanza maana zilizokuwa zimebanwa ndani ya kitenzi kimoja zilitolewa nje, zikapangwa mezani, zikahesabiwa. Hakuna hata moja iliyokuwa na wengi. Kuondoka kulikuwa na wengi. Namna ya kuondoka haikuwa nao.

Mzigo mzito wa mabishano hayo uliwaangukia watu wa Ireland ya Kaskazini, wenye mpaka wa kilomita zipatazo 500 na nchi itakayobaki katika Umoja, na amani iliyotiwa saini mwaka 1998 baada ya miaka thelathini ya damu. Mawaziri wakuu wa zamani Tony Blair na John Major, mahasimu wa siku nyingi, walikwenda pamoja Londonderry wiki mbili kabla ya kura kuonya juu ya mpaka huo. Wengi katika England hawakusikiliza. Mzigo wa mwenzio, wahenga walisema, ni kanda la usufi.

Sasa nieleze kilichonifunga mdomo. Nina mama mdogo aliyekwenda Uingereza kufanya kazi ya uuguzi. Mwaka 2016 alikuwa bado na pasipoti yake ya Tanzania, na kwa kuwa sheria iliwaruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi huko kupiga kura, alipiga. Mwenzake wa wodi, mwanamke wa Poland aliyekaa nchini miaka mingi kuliko yeye, hakuruhusiwa. Raia wa nchi nyingine za Umoja wapatao milioni 3 walikaa wakitazama wengine wakiamua hatima yao.

Mwaka jana alikuja likizo. Baada ya shikamoo na marahaba nikaanza kumweleza, kwa ufundi wangu wote wa mwaka wa tatu, jinsi waliochagua kuondoka walivyolaghaiwa na basi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mimi nilichagua kuondoka, mwanangu."

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Akanieleza kwamba wakati ule waliambiwa kuwa Wazungu wa Ulaya wakiacha kuingia bila masharti, milango itafunguka sawasawa kwa watu wa Jumuiya ya Madola. Ni kweli hoja hiyo ilitumika. Priti Patel, ambaye wazazi wake walitoka Uganda, aliwaambia wenye mikahawa ya vyakula vya Kihindi kwamba wakiondoka Ulaya watapata wapishi kutoka kwao. Rishi Sunak, mwana wa baba aliyezaliwa Kenya na mama aliyezaliwa Tanganyika, alikuwa upande huo huo. Mama mdogo hakuwa na mkahawa. Alikuwa na mama yake, yaani bibi yangu, aliyekuwa mgonjwa, na aliyetaka amlete akae naye. Alama yake kwenye karatasi ilikuwa na maana hiyo: nimlete mama.

Bibi hakwenda. Masharti ya kumleta mzazi hayakulegezwa, na alifia hapa hapa nyumbani. "Kwa hiyo ulidanganywa," nikasema, nikijiona nimeshinda. Akanitazama. "Nilitumaini," akasema. "Usinifundishe tofauti."

Kuna alama milioni 17 na zaidi kama ile. Mpiga kura wa Boston huko Lincolnshire, ambako asilimia 75.6 walichagua kuondoka, huenda alitaka wageni wapungue. Mama mdogo alitaka mgeni mmoja aongezeke. Alama zao zilihesabiwa pamoja, na ilikuwa haki zihesabiwe pamoja, kwani ndivyo kura ilivyo. Lakini aliyesimama baadaye akasema "wananchi wanataka hivi" alikuwa amemchukua mama yangu mdogo na kumpa maneno ambayo hakuyasema.

Wasanii waliandika nini?

Wasanii hawakukawia. Nitagusa kazi mbili tu. Riwaya ya Ali Smith iitwayo Autumn ilitoka mwaka 2016 huo huo, miezi michache baada ya kura. Ndani yake mhadhiri kijana, Elisabeth, anakaa kando ya kitanda cha Daniel, mzee wa miaka 101 aliyelala katika nyumba ya wazee. Anakwenda posta kuomba pasipoti, akaambiwa kichwa chake katika picha hakina kipimo sahihi. Kijijini kuna nyumba iliyopakwa maandishi ya kuwafukuza wakaao ndani. Baadaye linaonekana jibu la upole limeandikwa chini yake. Mwandishi hatuambii nani alipiga kura gani. Anatuonyesha watu waliokuwa wakisalimiana na sasa hawasalimiani. Dosari yake ni kwamba dunia yake imejaa watu wapendao sanaa na vitabu. Yule mwanamke wa Newcastle angeingia mle angekosa kiti.

Kazi ya pili ni The Cockroach ya Ian McEwan, ya mwaka 2019. Mende anaamka asubuhi akiwa Waziri Mkuu, na baraza lake karibu lote ni mende. Wanaleta siasa ya kugeuza mwendo wa fedha, ambapo mfanyakazi humlipa mwajiri na duka humlipa mnunuzi. Kejeli ni kali na mahali pengine nilicheka. Ni haki pia kusema kwamba walio mende ni watawala, si wapiga kura. Hata hivyo nilikiweka kitabu chini kabla ya kukimaliza, nikakirudia baada ya siku kadhaa. Msomaji wa sehemu zetu hawezi kuliona neno hilo kama utani mtupu. Jirani zetu wa Rwanda wanajua Watutsi waliitwa nani redioni kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Kumgeuza mpinzani mdudu ni fani nyepesi mno: inamwondolea msomaji kazi ya kuuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu alifikiri hivyo. McEwan aliandika kwa ajili ya waliokwisha kukubaliana naye. Smith, pamoja na dosari yake, anaacha mlango wazi.

Hitimisho

Uingereza iliondoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, saa 5 usiku kwa saa za London. Mabishano juu ya maana hayakuondoka nayo. Mwezi Februari 2023 Sunak, akiwa Waziri Mkuu, alikuwa bado anafikia makubaliano juu ya bidhaa zinazovuka kwenda Ireland ya Kaskazini, miaka karibu saba baada ya ile alama moja.

Sikuandika haya ili kusema kwamba wananchi wasiulizwe. La hasha. Kuuliza si ujinga, na serikali inayowaogopa wananchi wake ni mbaya kuliko inayowauliza vibaya. Ninachosema ni kwamba anayeuliza swali fupi akubali kuwa atapata jibu refu, na kwamba kazi ya kulisoma jibu hilo ni ya wengi: Bunge, mahakama, magazeti, na hata sisi wa vyuoni tunaodhani tunajua. Uhakiki tuliofundishwa una kanuni chache: soma matini yote, usimwekee mtunzi maneno, onyesha ulipopata maana yako. Kama zingefuatwa na pande zote mbili, nchi ile pengine ingeondoka vilevile, lakini majirani wasingeitana wasaliti.

Yule mwalimu wa semina hakutupa jibu sahihi. Aliviacha vitenzi vyote vinne ubaoni, akafunga faili lake, akaenda. Wakati ule nilidhani ni uvivu. Mimi sasa natumia "kujitoa", kama mlivyoona katika kichwa cha makala haya, na ninajua ni uchaguzi wangu, si wa wapiga kura wala wa mama yangu mdogo. Atakayenipinga katika toleo lijalo nitamfurahia. Ila namwomba jambo moja: anukuu sentensi zangu mpaka kwenye nukta.